Kichupa Kati ya Vibuyu vya Mursik

Nilipopata habari kwamba Chepkoech amehitimu Chuo Kikuu cha Kabianga, na kwamba kwao Siongiroi wanachinja fahali, wazo langu la kwanza halikuwa pongezi. Nilijiuliza kama nyanya yake bado anakumbuka kitambaa chake. Niliondoka nacho nikiwa na miaka ishirini na minne, sikukirudisha, na Kogo Rael si mtu wa kusahau kitu chake kilichotoka nyumbani bila ruhusa. Nilifungua droo ya meza yangu ya kazini, nikakitazama, nikakiacha palepale kwa sababu Jumatatu ningekihitaji. Kisha nikapiga viatu rangi na kuanza safari, nikiwa na hofu ya mtoto aliyevunja kikombe.

Watu wakiniuliza mambo ya ini nilisomea wapi, huwa nataja vyuo viwili, kimoja cha hapa na kimoja cha ng'ambo, nao hutikisa kichwa kwa heshima. Siwaambii kwamba jambo ambalo limenisaidia kuliko yote nilijifunza jikoni, mwaka ule niliokaa Siongiroi na cheti changu kipya cha maabara, nikijiona najua kila kitu. Daktari Barnaba alikuwa ameniajiri niwe msaidizi wake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta moja ya kijani, na alikuwa akitafiti homa ya ini, ile inayoletwa na virusi, ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua mpaka siku macho yanageuka manjano na tumbo linajaa maji. Alikuwa amechoka kuwapokea watu ini likiwa limeshakwisha. Alitaka kuwafikia mapema, na zaidi ya wote alitaka kuwafikia watoto wachanga, kwa sababu mama aliye na virusi hivyo anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na chanjo ikitolewa siku hiyohiyo ya kuzaliwa inaweza kuzuia. Siku ya mafunzo alituambia chanjo ile hupenda baridi. Nakumbuka niliandika neno "baridi" kwenye daftari na kulipigia mistari miwili kwa chini. Aliendelea kusema, "Baridi ya asubuhi ya Kericho, ukiwa kwa majani chai na sweta. Si baridi ya barafu." Hayo sikuyaandika. Nilikuwa bado napendezwa na mistari yangu miwili.

Nilipangiwa kukaa kwa Kogo Rael, hatua chache tu kutoka sokoni. Kogo kwao ni nyanya, na ingawa mimi ni Mkisii, siku ya pili nilikuwa namwita hivyo kama wengine. Chumba changu kilikuwa na kitanda, magunia matatu ya mahindi, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na dirisha lililotazama zizi, hivi kwamba kila nilipoamka ng'ombe mmoja mweupe alikuwa ananikagua. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa chumba cha maziwa. Kilikuwa kidogo, sakafu ya udongo, giza kiasi, na kwenye kona vibuyu vya mursik vimesimama kwa mstari, kila kimoja na kofia yake ya ngozi. Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum mpaka yawe mazito na machachu. Kogo alivitunza vibuyu hivyo kwa kitambaa kimoja cheupe chenye mraba mwekundu, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mkate niliweza kukata, kuku niliweza kufukuza, lakini kitambaa, hapana.

Sheria nyingine ya nyumba ile ilihusu themosi. Zilikuwa tano mezani, zenye maua ya kila rangi, na sikuwahi kuona hata moja ikiwa tupu. Mtu akiingia mlangoni, awe pasta, awe mwenye kuuza mbuzi, alimiminiwa chai kabla hajasema kilichomleta. "Kaa kwanza," Kogo angesema. "Utaongea ukishakunywa." Themosi ikiisha aliijaza, na akiona themosi ya mtu mwingine iko nyepesi aliijaza pia. Walimu wa shule ya karibu walikuwa wakipita na themosi zao wakijifanya wanasalimia tu. Mimi alinitania kila mlo. "Nyinyi watu wa ndizi mnakula ugali kama kifaranga," angesema, huku akiniongezea kipande kikubwa kuliko cha kwanza, na mboga, na kikombe cha mursik kilichonifanya nifumbe macho mwezi mzima wa kwanza. Mwezi wa pili nilikuwa naomba mwenyewe.

Kazi ilituzungusha Chepalungu yote, mpaka Chebunyo, nyumba kwa nyumba, na fomu ya maswali na sindano za kutoa damu. Fomu ilikuwa na swali la pombe, kwa kuwa pombe pia huumiza ini. Nilimuuliza mzee mmoja, "Mzee, unatumia pombe?" Akajinyoosha. "Mimi? Mimi ni mtu wa kanisa." Kisha akainama kidogo na kuonyesha ng'ambo ya ua kwa mdomo. "Lakini huyo jirani, andika ndiyo mara mbili." Nilipofika kwa jirani, naye alikuwa mtu wa kanisa, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya yule mzee. Jioni Daktari Barnaba alizipitia fomu zangu akacheka mpaka akavua miwani. "Kemunto, kwa hivyo Chepalungu nzima hakuna mlevi hata mmoja, lakini kila mtu anaishi karibu na mlevi." Hata damu yenyewe ilikuwa na mjadala. Niliwasikia akina mama jikoni, mimi nikiwa chumbani, mmoja akiuliza, "Hiyo damu wanapeleka wapi?" Mwingine akasema wanapeleka kupima. "Na wakimaliza kupima, si warudishe?" Kogo akawanyamazisha. "Zamani tulikuwa tunatoa ng'ombe damu na mshale. Umewahi kusikia ng'ombe akiuliza yake imeenda wapi? Toa mkono, dada."

Kogo alikuwa na sababu ya kutusaidia hivyo. Mume wake alikufa macho yakiwa manjano na tumbo limejaa maji, na baada yake kijana wake wa kwanza vilevile, na majirani walisema mambo ya laana ambayo mpaka leo hajawasamehe baadhi yao. Kijana wa pili alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Mke wake, Chelangat, aliishi na Kogo, na alikuwa na mimba ya kwanza. Tulipompima, alikuwa na virusi. Daktari alikaa mezani na Chelangat na Kogo akaeleza pole pole, kwamba Chelangat mwenyewe ini lake bado ni zima na atakuwa akipimwa mara kwa mara, kwamba hawezi kumwambukiza mtu kwa sahani wala kikombe, na kwamba mtoto akichanjwa siku ya kuzaliwa ana nafasi nzuri ya kuwa salama. Kogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si Daktari. "Hiyo dawa wewe ndio utaleta?" Nikasema ndiyo, mimi ndio nitaleta. "Basi usichelewe," akasema, na akanimiminia chai.

Mtoto hakungoja mipango yetu. Mvua ilinyesha siku tatu, njia ya zahanati ikawa matope tu, na alfajiri ya siku ya nne Chelangat akajifungua palepale nyumbani, akisaidiwa na jirani aliyekuwa mkunga. Alikuwa msichana, na kwa kuwa alikuja kunapambazuka, jina lake lilijulikana kabla hajaoshwa: Chepkoech. Mimi nilikimbia zahanati kuchukua chanjo. Nesi alikuwa ameenda semina Bomet, mlinzi akanifungulia, na nikakuta gesi ya friji imeisha. Ndani bado kulikuwa na ubaridi kidogo, lakini nilishtuka sana. Vichupa vilikuwa viwili, kimoja cha mtoto na kimoja cha akiba, kila kimoja na ukubwa wa kidole gumba. Nilivikumbatia mpaka kwa buchari ya sokoni, ambako kulikuwa na friza, nikaomba barafu ngumu kabisa iliyokuwepo. Chombo cha kubebea chanjo kilikuwa Kericho. Nilichokuwa nacho ni themosi yangu ya chai. Nikaijaza barafu, nikatumbukiza vichupa juu, nikafunga, nikaiweka mezani kwa Kogo na kurudi mbio sokoni kumpigia Daktari simu kwenye kibanda. "Nakuja," alisema. "Usimdunge wewe. Ngoja mimi. Na dawa ikae kwa baridi."

Nilikuwa nimesahau nyumba ile ni nyumba gani. Niliporudi, kinamama wanane walikuwa wamekuja kumwona mtoto, na Kogo Rael, akiwa na furaha isiyo na kifani, alikuwa anawamiminia chai kutoka themosi yangu. Aliiona mezani, akaiinua, akasikia vitu vinagongana ndani na hakuna joto, na kwake hiyo ilikuwa aibu ambayo haiwezi kuachwa mbele ya wageni. Alimwaga barafu yote kwenye karai, akaisuuza, akaijaza chai ya maziwa. Kichupa kimoja kilidondoka mezani. Alikijua kuwa ni kitu cha hospitali, kwa hivyo akakizungushia kitambaa chake cha vibuyu na kukiweka kwenye kona ya maziwa mahali ambapo hakuna mtu angekigusa. Cha pili hakukiona. Kilikuwa kimezama ndani ya barafu kwenye karai.

Sijivunii niliyoyafanya. Nilimpigia kelele. "Kogo, umemwaga dawa ya mtoto! Umeharibu dawa!" Nilisema hivyo mbele ya wageni wake, ndani ya nyumba yake, kwa sauti ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia kwangu. Kinamama waliweka vikombe chini. Kogo alitazama mlango wa chumba alichokuwa Chelangat, kisha akatazama mikono yake. Nilijua anafikiria makaburi mawili yaliyo nyuma ya nyumba, na bado sikunyamaza. Nilipekua barafu kwenye karai, nikakipata kile kichupa cha pili, nikapiga kelele tena, safari hii ya shukrani, nikakimbia kwa buchari kutafuta barafu nyingine. Nilikifunga katikati ya barafu ndani ya karatasi ya nailoni, nikakaa nacho kwenye kiti siku nzima, mapajani, ndani ya karai, nikiongeza barafu kila ilipopungua. Kile cha kwanza nilimwambia Kogo kimeshapata joto, ni cha kutupa. Hakukitupa. Alikiacha pale na vibuyu, akaenda kukaa nje peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu wageni waliingia wakatoka bila yeye kuwasemesha.

Daktari Barnaba alifika saa kumi, matope mpaka magotini, gari lake likiwa limebaki kwenye kilima. Nilimkabidhi kichupa changu kama mtu anayekabidhi kombe. Alikishika, akakigeuza juu chini, na kilichokuwa ndani hakikusogea. "Kemunto," akasema taratibu, "hii ni jiwe." Sikuelewa. Nikamwambia kimekaa kwa baridi kabisa, hakijapata joto hata dakika moja. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza kama kuna kingine. Nikasema kipo, lakini kiliharibika, kimeshinda na vibuyu vya maziwa tangu asubuhi. Akaniambia niite Kogo akilete.

Kogo alikileta ndani ya kitambaa kwa mikono miwili. Daktari aliingia chumba cha maziwa, akaweka kiganja kwenye sakafu ya udongo pale kilipokuwa, akakaa hivyo kidogo, akatabasamu. Kisha alikipasha moto kile cha kwangu mkononi mpaka kikayeyuka, akavitikisa vyote viwili, akavisimamisha dirishani kwenye mwanga. Tukasubiri. Chelangat alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani, mlango ukiwa wazi, na sote tulikuwa tunatazama dirisha. Kichupa cha Kogo kilibaki na weupe mwembamba, sawasawa juu mpaka chini. Changu kikaanza kujitenga. Vipande vidogo vikashuka, vikakaa chini, na juu pakabaki maji. Kabla Daktari hajafungua mdomo Kogo alisogea, akainama, akaonyesha kwa kidole. "Hiyo imekatika," akasema. "Kama maziwa. Mimi hiyo siwezi kupea hata ndama."

Daktari alicheka kwa sauti. "Kogo, nani alikufundisha kazi yangu?" Kisha akatueleza, akinitazama mimi zaidi. Chanjo ile huweza kuvumilia joto kidogo, lakini ikiganda imekwisha, na ile niliyoilinda siku nzima ndiyo niliyoiua. Ile aliyoitoa Kogo kabla baridi haijaishika, akaiweka kwenye kona yenye ubaridi wa kawaida, ilikuwa nzima. Hapakuwa na muda wa kurudi Kericho kwa hali ile ya njia. Kama Kogo asingependa kujaza themosi za watu, Chepkoech angekosa. Alimdunga pajani, mtoto akalia kwa hasira, na Chelangat akacheka na kulia pamoja naye. Mimi nilishika kile kitambaa kwa kuwa sikujua nishike nini, nikakitia mfukoni, kisha sandukuni, na siku ya kuondoka kilikuwa bado humo.

Nilimkuta Kogo jikoni. "Kogo, nisamehe," nikasema. "Nilikupigia kelele mbele ya watu, na mimi ndio nilikosea." Aliendelea kupepeta moto. "Ulipiga kelele kwa sababu ya nini?" Nikasema kwa sababu ya mtoto. "Basi. Mtu akinipigia kelele kwa sababu ya mtoto wangu, siwezi kumfukuza." Akageuka kunitazama. "Lakini kuni ya wiki hii ni yako, na maji pia." Nilichota maji wiki mbili, kwa furaha.

Hata hivyo tulikuwa hatujashinda. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba tumempa mtoto nafasi, na kwamba hata chanjo nzuri mara nyingine hushindwa. Chepkoech alipata sindano zake nyingine wiki zilizofuata, kwa ratiba, kutoka kwenye chombo chenye kipimajoto ambacho sasa nilikitazama mara kumi kwa saa. Jibu lenyewe lingekuja akikaribia kutembea. Miezi yote hiyo, kila asubuhi, Kogo alimtoa mtoto nje kwenye jua, akamfungua macho kwa vidole na kuangalia weupe wake. Mimi nilijifanya nafua nguo karibu. Chepkoech alizoea, hata akawa anafumbua macho mwenyewe akimwona nyanya yake, akidhani ni mchezo wa salamu.

Siku ya kumpima tulikaa mezani, mimi, Daktari, Chelangat na Kogo, na katikati kipimo kidogo cha karatasi chenye tone la damu. Mstari mmoja ungesema hana virusi, miwili ingesema anavyo, na tulitakiwa kungoja dakika ishirini. Themosi tano zilikuwa palepale, zimejaa, na Kogo hakummiminia mtu yeyote. Daktari alikuwa ametembea tangu asubuhi, hakuomba. Chepkoech alitambaa chini ya meza akivuta kamba za viatu vyangu. Mstari mmoja ukatokea. Tukangoja. Daktari aliangalia saa, akainamisha kichwa karibu na kipimo, akangoja dakika nyingine ambazo hazikuhitajika, akasema, "Ni mmoja." Kogo akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, "Moja ni nzuri ama ni mbaya?" Nikasema, "Ni nzuri, Kogo. Hana." Alishika themosi ya kwanza akaanza kumimina, na kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikatiririka mezani mpaka kwenye fomu za Daktari, na hakuna aliyemzuia. Mimi nililia bila aibu yoyote. Siku hiyo niliamua kwamba hii ndiyo kazi nitakayoifanya mpaka nizeeke, na nimekuwa nikiifanya.

Sasa Chepkoech alikuwa amesimama uani kwa joho jeusi, mrefu kuliko mama yake, na digrii ya mambo ya udongo, akiwaeleza wajomba kwa nini mahindi yao yana rangi mbaya. Chelangat, ambaye hajawahi kukosa siku yake ya kupimwa, alikuwa akigawa nyama akiwa na afya kuliko mimi. Daktari Barnaba, aliyestaafu na kurudi kwenye majani chai yake, alikuwa na sweta nyingine ya kijani. Na Kogo Rael alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka, themosi karibu na mkono wake. Nilipiga magoti kumsalimia. Alinishika mkono, akanivuta karibu, akanitazama machoni, weupe wake kwanza, kwa mazoea.

"Kemunto," akasema. "Kitambaa yangu iko wapi?"

"Iko kazini, Kogo. Wanafunzi wapya wakikuja, mimi huchukua kichupa nazungushia hiyo kitambaa, naambia wao kwamba baridi si barafu. Wanaishika wote, mmoja mmoja."

"Hao wanafunzi ni wengi?"

"Ni wengi."

"Na wanaenda kudunga watoto?"

"Wanaenda, Kogo. Kila mahali."

Aliuachia mkono wangu, akapapasa themosi, akanimiminia kikombe mpaka ukingoni. "Basi ikae," akasema. "Lakini uwaambie ni yangu."